Anayekaa Katikati ya Waya

Watu wa Eastlands tumezoea kuunganisha. Unatoka Buruburu unaenda Kawangware: unapanda 58 hadi tao, unashuka, unapenya katikati ya watu na mikokoteni, unatafuta steji ya 46, unaanza safari upya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia kule Marekani walitoa ramani ya njia za matatu za jiji hili, wakiwa wamezikusanya kwa kupanda magari yenyewe na simu mkononi. Ukiitazama unaona kitu ambacho konda yeyote angekwambia bure: njia karibu zote zinaingia tao. Mitaa miwili inaweza kuwa karibu kabisa na bado gari likakuzungusha hadi katikati ya jiji.

Leo nataka kuongea juu ya mtandao wa kwantamu, ule ambao watu wa fizikia wanasema hautasikilizwa na mtu yeyote njiani. Najua inasikika kama filamu. Lakini siwezi kuanzia kwenye maabara, kwa sababu swali lenyewe ni la zamani na limewahi kutugusa hapa mara kadhaa: ujumbe wako ukitoka hapa kwenda kule, nani anakaa katikati, na anaweza kufanya nini nao?

Tuanzie Zanzibar.

Januari 22, 1879, jeshi la Wazulu liliwachapa Waingereza pale Isandlwana, Afrika Kusini. London haikujua mpaka Februari 11. Wiki tatu karibu! Waya wa telegrafu ulikuwa haujafika upande huo, kwa hivyo habari ilibidi ipande meli kwanza ndio ifike penye waya. Wakubwa wa London hawakufurahi hata kidogo, na kabla mwaka huo haujaisha kebo ya baharini ilikuwa imelazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ikateremka Msumbiji, ikaishia Durban. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar baadaye, mwaka 1890. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema mawasiliano yaliletwa huku ili kutuendeleza, mwambie aangalie tarehe.

Sasa, umeme kwenye waya mrefu unachoka. Unatoka na nguvu, unafika ukinong'ona. Dawa ya wakati huo ilikuwa binadamu. Ujumbe ukiingia kituo cha Zanzibar, karani anausoma, anauandika, anaupiga upya kwenda kituo kinachofuata. Kifaa cha kupokea ishara iliyochoka na kuituma tena ikiwa na nguvu mpya kinaitwa ripita, na ripita za kwanza za pwani yetu zilikuwa watu wameketi kwenye viti. Hiyo kazi haiwezekani bila kusoma. Bei za karafuu, siri za kibalozi, habari za msiba, vyote vilipita mbele ya macho ya karani. Kulikuwa na maneno ya siri, ndio, na wafanyabiashara walikuwa na vitabu vizima vya maneno hayo, lakini karatasi yenyewe ilikuwa mkononi mwa mtu wa katikati. Hata Wajerumani wa Dar es Salaam walikuwa wameunganishwa kupitia Zanzibar, kwa kebo ya Waingereza. Fikiria unapeleka siri zako kupitia sebule ya jirani unayegombana naye.

Reli ilipofika Nairobi Mei 1899, waya wa telegrafu ulikuja nayo, stesheni kwa stesheni. Muthurwa na Makongeni, mitaa ambayo baadhi yenu mmezaliwa, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa hiyo reli. Huko mbele upande wa magharibi Wanandi walikuwa wakikata ule waya na kuufanya mapambo. Vitabu vinawaita wezi. Mimi naona walielewa mapema kuliko wengi kwamba huo waya haukuwa umeletwa kwa ajili yao.

Mambo yalifika kilele kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914, vita vikiwa vibichi kabisa, Waingereza waliingia baharini wakakata kebo za Wajerumani. Wajerumani wakabaki kuomba njia kwa watu wengine. Januari 1917 waziri wao wa mambo ya nje, Zimmermann, alituma ujumbe wa siri kuelekea Mexico, akitumia waya wa kibalozi wa Marekani. Waya huo ulipita London. Waingereza wakausoma, wakavunja maneno ya siri, na miezi michache baadaye Marekani ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani. Njia tu. Angepata njia nyingine, pengine historia ingekuwa nyingine.

Sasa turudi nyumbani, mwaka 2000.

Wakati huo ukiwa Umoja na kampuni yako ya intaneti ni moja, na rafiki yako yuko Donholm na kampuni nyingine, barua pepe yako haikupitia Outering Road. Ilipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, ikashuka Ulaya au Marekani, ikabadilishiwa mikono huko, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya sekunde moja, na kila hatua ililipiwa kwa dola. Kwa nini? Kwa sababu kampuni hizo mbili hazikuwa na mahali pa kukutania hapa. Steji yao ya kuunganisha ilikuwa ng'ambo.

Watoa huduma wa intaneti kupitia chama chao, TESPOK, wakaamua kufungua steji hapa Nairobi. Waliiita KIXP, ikawashwa Novemba 2000. Kifaa chenyewe hakikuwa cha ajabu: swichi na nyaya kwenye chumba. Lakini Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya peke yake kubeba mawasiliano ya kimataifa, na hiyo steji mpya ilimaanisha mzigo wa ndani hautapanda tena kwenye njia yake. Ikalalamika kwa CCK, tume iliyosimamia mawasiliano. KIXP haikumaliza hata mwezi, ikafungwa, ikisemekana haina leseni. Ilichukua zaidi ya mwaka wa barua, mikutano na kueleza jambo lile lile kwa watu wale wale mpaka ikafunguliwa tena Februari 2002. Muda wa kwenda na kurudi ukashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Napenda hii stori kuliko zote, na huwa nashangaa kwa nini hatufundishwi shuleni. Hakuna aliyesoma barua ya mtu. Hakuna kebo iliyokatwa. Ofisi moja tu ilisema hapana, na ujumbe wa Umoja kwenda Donholm ukarudi kuzunguka dunia kwa mwaka mzima.

Miaka saba baadaye, 2009, kebo za faiba zikafika Mombasa: SEACOM mwezi wa Julai, na TEAMS mwaka huohuo, ikitoka Fujairah kwenye nchi za Ghuba, kama kilomita 5,000. Ndizo zilizowezesha zile nyaya nyeusi unazoona zimeruka kutoka gorofa hadi gorofa pale Pipeline na Kayole, na kijana juu ya paa akivuta wi-fi ya mtaa.

Mwanga nao unachoka. Kwenye faiba nzuri, ukituma mwanga kilomita 50, inafika sehemu moja ya kumi. Kilomita 100, asilimia moja. Chukua Nairobi hadi Mombasa, kilomita kama 480 za barabara: kati ya fotoni bilioni 10 utakazotuma, yaani zile chembe ndogo kabisa za mwanga, zitafika mbili au tatu. Mombasa hadi Fujairah? Moja kati ya namba yenye sifuri 100 hivi, ambayo ni kubwa kuliko idadi ya atomu zote za ulimwengu tunaouona. Kebo ya TEAMS inafanya kazi kwa sababu chini ya bahari, kila baada ya makumi ya kilomita, kuna ripita inayopokea mwanga mchovu na kuukuza. Kukuza maana yake ni kunakili: fotoni moja inaingia, fotoni nyingi zinazofanana nayo zinatoka. Ni karani wa Zanzibar yule yule, amefungwa ndani ya chuma. Na penye nakala, mtu anaweza kubaki na moja.

Hapo ndipo kwantamu inaingia, na inaingia na amri kali. Mwaka 1982 wanafizikia Wootters na Zurek, na Dieks kivyake, walithibitisha kwamba hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Siyo kwamba hatujapata mashine. Haiwezekani. Ukijaribu kuichungulia unaiharibu. Kwa siri ni habari tamu, kwa sababu msikilizaji hawezi kujificha. Kwa umbali ni balaa, kwa sababu ripita zote tulizonazo zinaishi kwa kunakili.

Suluhisho ni kuunganisha, ile yetu ya 58 na 46, ila kwa njia ambayo hata sasa inanichanganya kidogo nikiifikiria sana.

Kuna kitu kinaitwa mfungamano. Fotoni mbili zinazaliwa pamoja kwa namna ambayo ukipima moja, majibu yake yanalingana na ya mwenzake, hata zikiwa mbali. Huwezi kutumia hilo kutuma ujumbe kwa kasi kupita mwanga, usidanganywe na video za usiku, kwa sababu kila upande unapata majibu ya bahati nasibu. Lakini bahati nasibu inayolingana pande mbili ni dhahabu: ndiyo pasiwadi ambayo mimi na wewe tu tunayo. Artur Ekert alionyesha mwaka 1991 jinsi ya kuifanya ufunguo wa siri, na jinsi ya kulinganisha sehemu ndogo ya majibu ili mjue kama kuna mtu ameingilia. Majaribio ya mfungamano wenyewe ndiyo yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya 2022.

Sasa weka kituo Mtito Andei, pale mabasi ya Mombasa yanaposimama watu wanyooshe miguu. Tengeneza jozi moja ya mfungamano kati ya Nairobi na Mtito. Tengeneza nyingine kati ya Mtito na Mombasa. Mtito sasa ina nusu mbili, moja ya kila jozi. Inazipima hizo mbili kwa pamoja, siyo moja moja, halafu inapiga simu ya kawaida kabisa kutangaza matokeo. Zile nusu mbili za Mtito zimekwisha kazi. Lakini nusu iliyoko Nairobi na iliyoko Mombasa, ambazo hazijawahi kukutana, sasa zimefungamana. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1993 na Żukowski, Zeilinger, Horne na Ekert. Mwaka 1998 Briegel, Dür, Cirac na Zoller wakaonyesha jinsi ya kulirefusha kituo kwa kituo na kusafisha jozi zinazochafuka njiani. Hiyo ndiyo ripita ya kwantamu.

Ona tofauti na karani. Mtito imefanya kazi yote, na haibaki na chochote. Yale matokeo inayoyatangaza hayasemi lolote juu ya siri. Yasomwe redioni hata, ni sawa. Na Mtito ikidanganya au ikijaribu kujibakishia kitu, Nairobi na Mombasa wakilinganisha ile sampuli yao hesabu zitakataa. Kwa mara ya kwanza tangu 1879, mtu wa katikati anaweza kuwa adui yako na bado akakuunganisha bila kukusoma.

Tatizo la vitendo ni kungoja. Jozi ya Nairobi ikifaulu kufika Mtito leo saa hizi, ya Mombasa inaweza kuwa bado. Lazima ya kwanza ikae mahali ingoje, kama abiria wa kwanza ndani ya matatu inayongoja kujaa. Tofauti ni kwamba huyu abiria anaoza haraka. Kumbukumbu za kwantamu, vifaa vya kumhifadhi, ndizo zinazochelewesha kila kitu. Kule Delft, Uholanzi, mwaka 2021 waliunganisha vituo vitatu kwa kutumia kasoro ndogo ndani ya almasi kama kumbukumbu, na mwaka uliofuata wakasafirisha hali ya kwantamu kati ya vituo viwili visivyopakana, kupitia cha katikati. Mwaka 2024 wakafungamanisha Delft na The Hague kwa faiba ya kilomita 25 iliyopita chini ya ardhi ya kawaida. Kilomita 25! Kutoka Kayole huo umbali haukufikishi hata Machakos.

Lakini tuseme kumbukumbu zimepatikana. Unabaki na swali la konda: tupite wapi?

Kwenye intaneti ya kawaida kila ruta inapokea mzigo na kuusukuma kwa jirani. Mzigo ukipotea, unatumwa nakala nyingine. Kwenye mfungamano hakuna nakala, na hakuna kitu kinachosafiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Vipande vyote vya njia lazima viwe tayari, ndio vifungwe pamoja. Jozi ikitumika, imeisha, kama tiketi. Na kila mahali unapounganisha, ubora unashuka kidogo. Kwa hivyo njia fupi yenye jozi chafu inaweza kushindwa na njia ndefu yenye jozi safi, sawa na vile dereva anavyoikimbia Jogoo Road saa kumi na mbili jioni na kuzungukia mbali ili afike mapema.

Hesabu ya kutafuta njia fupi, inayofanya kazi hadi leo kwenye ramani za simu, aliitunga Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akaichapisha 1959. Mwaka 2013 Rodney Van Meter na wenzake wakachunguza kama inafaa kwa ripita za kwantamu. Inafaa, mradi usihesabu kilomita. Hesabu ni kazi kiasi gani kila kipande kinahitaji kutoa jozi nzuri. Kisha mwaka 2019 kundi lingine, Mihir Pant na wenzake, likaonyesha jambo ambalo mtu wa matatu angelipenda: usichague njia moja. Jaribu njia nyingi kwa pamoja, na kila kituo kiamue kiunganishe nini na nini kikijua tu vipande vya karibu yake vilivyofaulu. Mtandao wa namna hiyo unatoa jozi nyingi kuliko wa njia moja, bila bosi mmoja anayejua kila kitu.

Hapo ndipo 2000 inanirudia kichwani. Fizikia imemziba macho anayekaa Mtito. Haijamfunga mikono. Bado anaweza kuzima swichi, anaweza kuuza jozi zake kwa mwenye pesa zaidi, anaweza kukwambia huna leseni. Na watu wawili wakitaka jozi ile ile ya Mtito kwa wakati mmoja, mmoja atakosa, na kuna sheria mahali fulani itakayoamua ni yupi. Sheria hizo zinaandikwa sasa: mwaka 2023 watafiti wa intaneti walitoa waraka wa kanuni za jinsi mtandao wa kwantamu unavyofaa kujengwa, RFC 9340, na uko wazi kwa yeyote kuusoma. Niliusoma kwenye simu, na ninawaambia, si mgumu kuliko fomu za HELB.

Afrika haiko nje ya hii stori. Machi 2025 yalichapishwa matokeo ya China na Afrika Kusini: funguo za siri kati ya Beijing na Stellenbosch, kilomita 12,900, kupitia setilaiti ndogo ya Jinan-1. Ni kazi kubwa. Lakini soma vizuri: hiyo setilaiti haikuunganisha mfungamano. Ilitengeneza ufunguo na upande mmoja, kisha na upande mwingine, na katikati yenyewe inazijua funguo zote mbili. Ni karani wa Zanzibar, amepanda juu sana, na ana mwenyewe.

Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa. Waliokuwa na njia nyingine wakapita huko, wasiokuwa nayo wakangoja meli ya kutengeneza. Kwa hiyo mimi nikipewa ramani ya Kenya na hela za vituo vya kwantamu, singeweka mstari mmoja wa Nairobi, Mtito, Mombasa. Ningeweka na wa pili, mrefu zaidi, upitie Garissa ushuke na Mto Tana hadi Malindi, na kila kituo kiwe na mwenyewe tofauti. Mjadala wa nani alipie huo wa pili nawaachia nyinyi, na wale wa Makongeni muanze.